Magadi Hayamo Kwenye Karatasi

Wajukuu wangu huuliza bibi yao alikufa kwa nini, na wazazi wao huwajibu kwa neno moja: presha. Wanalisema kana kwamba presha ni mtu aliyepita njiani akamkuta amesimama, akaondoka naye. Nimenyamaza miaka mingi nikiwaacha waseme hivyo. Sasa naona si vizuri mzee aliyelitumikia Neno maisha yake yote aende na ukweli wake kaburini. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa na karatasi na kalamu mkononi.

Ilikuwa katika miaka ile kahawa yetu ilipoanza kununuliwa na watu binafsi. Magari tusiyoyajua yalipanda kutoka Himo mpaka mlangoni mwa kihamba, shamba letu la ukoo, na majirani wengine walikuwa wanang'oa mibuni ya babu zao ili wapande nyanya. Mimi nilikuwa nimestaafu uinjilisti. Usharika ulinishukuru kwa blanketi na jembe, nami nikamshukuru Mungu, maana nilikuwa na afya, ng'ombe wawili, migomba inayozaa, na mke ambaye hakuwahi kunifanya nijute siku niliyokwenda kwao na wazee wangu kumposa.

Siku moja baada ya ibada mchungaji alitangaza kwamba madaktari wa mjini wanafanya utafiti wa magonjwa yasiyoambukiza, yale yanayokaa na mtu mpaka mwisho: presha, sukari, figo, moyo. Walitaka kujua nani anayapata, kwa nini, na baada ya miaka inakuwaje. Walihitaji mtu anayejulikana na kila nyumba, anayesoma na kuandika Kiswahili vizuri, na anayeweza kuwauliza wazee kwa Kichagga. Mchungaji aliponitazama, watu wote wakageuka kunitazama. Nikainuka.

Tulifundishwa siku tatu mjini, katika chumba kimoja cha hospitali ya Mawenzi, watu sita tukitoka vijiji sita. Daktari mkuu wa utafiti alikuwa kijana mpole, mtu wa mikoa ya kusini, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba ilibidi tuinamie mbele kumsikia. Aliandika ubaoni neno ambalo sikuwahi kuliona kabla: vihatarishi. Akasema ugonjwa wa namna hii hauna mlango mmoja. Una milango midogo mingi, na kazi yetu ni kuhesabu ni milango gani iko wazi katika kila nyumba. Uzito. Sigara. Pombe. Chumvi. Urithi wa damu.

Kisha akatupa sheria, na sheria ile niliipenda tangu niliposikia. Alisema, "Ulizeni swali kama lilivyoandikwa. Msiongeze neno, msipunguze neno. Mkiongeza, tutakuwa na karatasi sita za vijiji sita, wala hatutaweza kuzilinganisha."

Wenzangu walinung'unika kidogo. Mimi nilifurahi. Tangu chuo cha uinjilisti nilifundishwa kuheshimu kilichoandikwa, nikawa nawakemea vijana wanaosoma somo kanisani na kutia vionjo vyao. Nikajisemea: kazi hii ni yangu.

Nilikwenda nyumba kwa nyumba nikiongozana na muuguzi, mama mmoja wa makamo aliyebeba mashine ya presha begani kama mkoba wa sokoni. Watu wetu walikuwa na hofu. Ukimwi ulikuwa umeshazika watu wengi mteremkoni, na kila aliyeona sindano alidhani anatafutwa. Wakiniona mimi, walifungua mlango. Niliuliza, nikaandika, muuguzi akafunga mkono, akapuliza, akasikiliza.

Wanaume walinichekesha. Swali lilisema: je, unakunywa pombe? Mzee anajibu hapana kwa moyo mweupe, huku kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, iko miguuni pake. Lakini waliotunga karatasi walikuwa wameliona hilo. Mstari uliofuata uliuliza: je, unakunywa mbege, na ni kata ngapi kwa siku? Hapo mzee hukohoa, akasema mbege si pombe, mbege ni heshima, kisha anataja idadi. Nilimsifu daktari kwa hilo. Nilidhani kama wamekumbuka mbege, basi hakuna walichosahau.

Nyumba ya tisa au ya kumi ilikuwa ya bibi mmoja mjane, jirani yetu wa upande wa mfereji, aliyekuwa mzee kuliko watu wote niliowaandika. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia bila kuacha kuchagua maharage. Nikamuuliza kama anaongeza chumvi kwenye chakula anapopika. Akasema chumvi ya dukani anaitumia kidogo sana, haipendi. Nikaandika: kidogo.

"Na magadi je?" akauliza.

Nikarudi kwenye karatasi, nikapitisha kidole mstari kwa mstari. "Magadi hayamo kwenye karatasi, bibi."

"Hayamo?" Akamtazama muuguzi, akanitazama mimi. "Mbe mwinjilisti," akasema, akiniita kwa heshima ya Kichagga, "karatasi yako haijawahi kupika."

Tulicheka wote watatu. Asiyekuwa mtu wa huku huenda hajui. Magadi ni yale mawe meupe yanayotoka kwenye maziwa ya chumvi kule nyikani, yanauzwa sokoni Himo kwa vipande. Mama zetu huyaponda, huyaloweka, na maji yake huyatia kwenye maharage yalainike, kwenye kiburu chetu cha ndizi na maharage, kwenye mboga kali ili zilegee. Ng'ombe nao hulambishwa. Kwa Mchagga magadi si kiungo, wala hakuna anayeyaita chumvi. Ni kama kuni na maji: ni vitu vya kupikia, havitajwi. Nilifunga karatasi ya bibi yule nikaenda nyumba inayofuata. Sikulibeba neno lake. Nililiacha pale pale kwenye ungo pamoja na makapi.

Zamu ya nyumba yangu ilipofika, kanuni ilitaka aje mwenzangu wa kijiji kingine. Mke wangu alikataa. Alisema hawezi kumwambia mtu mgeni umri wake na uzazi wake wakati mwandishi analala naye kitanda kimoja. Muuguzi akacheka, akasema haidhuru. Basi nikamuuliza mimi, sebuleni kwetu, yeye akiwa amevaa gauni la kanisani kana kwamba anapigwa picha. Sigara, hapana. Mbege, kikombe kimoja kwenye sherehe. Chumvi, kiasi. Kisha muuguzi akafunga mkono wake, akasikiliza, akafungua, akafunga tena. Akahamia mkono wa pili. Akaacha kutabasamu.

Wiki iliyofuata daktari mwenyewe alimpokea kliniki mjini. Akampa vidonge vya kila siku, akamwambia bila kuzunguka kwamba presha yake ni ya kutisha na isiposhuka itamvunja. Akamwambia aache chumvi.

Mke wangu alikuwa mtu wa kutii neno mara moja. Siku hiyo hiyo alitoa kopo la chumvi jikoni, akalimimina kwenye bakuli la ng'ombe. Tukaanza kula chakula kisicho na ladha. Mimi, nakiri, nilikuwa mlaji mgumu. Nilionja mtori wa ndizi, nikaweka kijiko. Nilisukuma sahani ya maharage. Sikusema neno baya, lakini mke aliyekaa na mtu zaidi ya miaka thelathini hahitaji neno. Niliporudi kutoka kwenye nyumba za utafiti, ambako kila mtu alinikaribisha chakula, nilimwambia nimeshiba, hata siku ambazo sikuwa nimekula. Akaziona mbavu zangu, akaziona pia sahani zilizorudi.

Baada ya mwezi hivi, chakula kikabadilika. Maharage yalilainika mpaka yakawa kama siagi, kiburu kikawa na ule ukali mzuri unaokaa ulimini. Nikala, nikaomba tena. Nikamwambia, "Umejua kupika bila chumvi."

"Mungu ananifundisha," akasema, akanijazia sahani.

Karatasi ya ufuatiliaji ilijazwa kila miezi mitatu. Swali la chumvi lilikuwa la saba. Niliandika kwa mkono wangu: hapana, hatumii kabisa. Nilikuwa na uhakika kuliko mwandishi yeyote, maana nilikula chungu kimoja naye.

Presha haikushuka. Ilipanda.

Daktari aliongeza vidonge, akabadilisha vingine. Sikuwahi kuona watu wakiisaka namba kama tulivyoisaka ile. Kila safari ya kliniki tuliamka mapema, tukashuka kwa mguu mpaka barabarani, yeye akipumua kwa shida na kusimama kwenye kila mgomba wa pembeni kana kwamba anausalimia. Tukifika, muuguzi yule yule wa utafiti anafunga mkono, nami namtazama muuguzi usoni, simtazami mke wangu. Nilijifunza kuusoma ule uso kama watu wanavyosoma mawingu ya mlimani. Kila mara uliniambia jambo lile lile.

Siku moja muuguzi alishindwa kuvumilia. Akamwambia mbele ya wagonjwa wengine waliokaa kwenye benchi, "Mama, sisi hatufundishi watoto hapa. Unakula chumvi, unatudanganya. Wenzako wanafuata masharti, wanapona."

Kwenye kadi yake akaandika kwamba hafuati masharti. Mke wangu alishusha mkono wa gauni taratibu, akafunga kifungo, akatoka akasimama kwenye jua.

Ningependa kuandika kwamba nilimtetea. Nilinyamaza, na kilichotokea nyumbani kilikuwa kibaya kuliko kunyamaza. Shaka iliniingia. Kama karatasi ni sahihi na dawa ni sahihi, nilijiambia, basi aliye na kosa ni mtu. Nilianza kumpeleleza. Akienda kukata majani ya ng'ombe, niliingia jikoni kwake, mahali ambapo mwanamume wa rika langu hana shughuli, nikafunua makopo, nikachovya kidole kwenye unga na kuonja. Nilihesabu vidonge vyake asubuhi na jioni. Jiwe la magadi lilikuwa juu ya uchaga wa moshi, mbele ya macho yangu, nikalisogeza ili nitazame nyuma yake kama ameficha chumvi.

Sikupata kitu. Badala ya kufarijika, nilikasirika zaidi. Jioni moja, baada ya sala, kabla hatujainuka, nikamwambia, "Mama, tuko mbele za Mungu. Sema kweli. Chumvi unaila wapi?"

Alibaki amepiga magoti, akasema, "Umekaa nami miaka yote hii, na leo unanipima kama muuza maziwa anayedhaniwa ametia maji."

Akaenda kulala. Hakunitupia neno jingine, wala hakupunguza sahani yangu. Kesho yake alinipikia kiburu, nami nikakila chote.

Miezi ile niliomba kama sijawahi kuomba. Nilifunga kula siku za Ijumaa. Niliwaombea wagonjwa wa watu wengine, nikidhani labda Bwana akiona nawajali wa wenzangu atamkumbuka na wa kwangu. Nilitumia maneno yote niliyofundishwa, mpaka nikawa napiga magoti na kubaki kimya kwa kuwa nimeishiwa. Nimewafundisha watu wengi uvumilivu. Nilikuwa sijui kwamba uvumilivu nao una sakafu, na kwamba chini ya sakafu ile kuna shimo.

Ilitokea asubuhi ya Jumamosi, akiwa uani anamenya ndizi. Niliona kisu kimeanguka. Aliinama kukiokota na mkono wake wa kulia haukumfuata. Akautazama mkono ule kwa mshangao, kama mama anavyomtazama mtoto aliyeitwa akakataa kuja. Kisha uso ukavutwa upande mmoja. Nilimshika kabla hajafika chini. Gari la mnunuzi wa kahawa lilikuwa juu kwa jirani. Dereva, Mungu ambariki popote alipo, alimwaga magunia yake chini bila kuuliza, tukamlaza pale nyuma, tukashuka mjini.

Alipofumbua macho wodini, siku ya tatu, upande wa kulia wote ulikuwa umekufa, na maneno yalikuwa yamemtoka. Yalibaki neno moja tu. Haya. Ukimpa maji, haya. Ukimuuliza anaumwa wapi, haya. Daktari alituambia hutokea hivyo. Kiharusi hubeba vyote kikaacha kitu kimoja, wala si mgonjwa anayekichagua. Binti yetu anayeishi Shirimatunda, pale pale mjini, alikuja kila siku na uji, akamlisha kwa kijiko akimfuta shavu. Nami nilikaa pembeni ya kitanda nikiushika mkono uliokufa, kwa sababu ulio hai alikuwa anautumia.

Siku ya tano au ya sita binti alipanda nami nyumbani tuchukue nguo na kumpikia mama yake chakula laini. Nilikuwa nawapa ng'ombe majani niliposikia ananiita kutoka jikoni.

"Baba, magadi ya mama ndiyo yamebaki haya tu?"

Alikuwa ameshika kipande kisichozidi ngumi ya mtoto. Nikamwambia sijui, mimi si mtu wa jikoni.

"Mwezi uliopita nilimnunulia Himo jiwe zima. Na mwezi kabla ya huo. Yanakwendaje upesi hivi?"

"Ng'ombe wanalamba," nikasema.

"Hapana, ya ng'ombe ni yale ya zizini. Haya ni ya chungu." Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. "Tangu akatazwe chumvi anatia mara tatu. Aliniambia, baba yako anasukuma sahani, atakufa kwa njaa kabla mimi sijafa kwa presha."

Nilikaa chini kwenye kigoda chake. Sikuwa bado najua lolote kuhusu magadi, sijasoma sayansi, lakini nilijua. Sauti ya bibi wa ng'ambo ya mfereji ilinirudia neno kwa neno, pamoja na kicheko changu mwenyewe. Nililichukua lile jiwe nikalilamba. Niliyasikia machozi na magadi kwa pamoja, sikuweza kuvitenganisha.

Nilirudi mjini siku ile ile, nikamkuta daktari ofisini, nikaliweka lile jiwe juu ya karatasi zake. Nikamweleza kila kitu. Alisikiliza bila kugusa kalamu. Aliligeuza jiwe kwenye viganja vyake, akaliweka.

"Mzee, ndani ya chumvi kuna kitu kinachoipandisha presha. Kitu hicho hicho kimo humu, tele," akasema. "Mbona hukutuambia?"

"Karatasi haikuuliza."

Akainamisha kichwa. Alisema kwao kusini anayajua magadi, mama yake huyatia kwenye mlenda, na hata hivyo hakuwahi kuyafikiria. Walipokaa kutunga maswali walikuwa wanaume watano mezani, wakakumbuka mbege.

Nikamuuliza lile nililokuja kuuliza. Je, ni magadi yaliyomwangusha? Ni mimi na sahani yangu?

Daktari akasema, "Siwezi kusema. Utafiti hunionyesha watu wengi kwa pamoja, haunionyeshi mtu mmoja. Presha yake ilikuwa mbaya tangu siku ya kwanza. Labda angeanguka hata bila magadi. Labda asingeanguka."

Alisema hivyo kwa huruma, na ni kweli, nami namheshimu kwa kutonidanganya. Lakini angenipiga kofi ningeondoka na kitu cha kushika. Aliniachia labda, na labda haina mahali pa kushikia. Nimeishi nayo mpaka leo.

Muuguzi alipopata habari alikwenda wodini, akakaa ukingoni mwa kitanda, akasema, "Mama, nilikuaibisha mbele za watu na hukuwa na kosa. Nisamehe." Mke wangu alimtazama kwa jicho lake zima, akamgusa kofia kwa mkono wa kushoto. "Haya," akasema. Muuguzi akatoka analia.

Mimi nilingoja mpaka tulipobaki wawili. Ilikuwa saa nane mchana, wagonjwa wengine wamesinzia, na kupitia dirishani mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni, jambo la nadra saa zile. Nikapiga magoti kwenye sakafu ya simenti. Nikamwambia nilikosa nilipomshitaki. Nikamwambia najua kuhusu magadi, na kwamba alifanya kwa ajili yangu. Nikamuuliza kama amenisamehe.

"Haya," akasema.

Nilimuuliza tena, nikimtazama macho. "Haya." Nikamuuliza kama ananikasirikia. "Haya." Nimewahi kuwasikiliza mamia ya watu wakiungama kwenye mikono yangu, nami nikiwaambia waamke, wamesamehewa. Pale sakafuni sikujua nimeambiwa nini. Huenda ilikuwa haya ya kukubali. Huenda ilikuwa haya ile nyingine, ya aibu, ambayo nilistahili kuambiwa. Huenda ilikuwa pumzi tu iliyobaki na umbo la neno.

Tulimrudisha nyumbani. Nilijifunza kupika, mwanamume wa miaka sitini na ushee, bila chumvi na bila magadi. Maharage yalichemka tangu asubuhi mpaka alasiri na bado yakawa magumu, nikayaponda. Nilimlisha. Mara nyingi alionja kijiko kimoja, kisha kwa mkono wake wa kushoto, polepole, akaisukuma sahani. Hakuwa analipiza. Chakula kilikuwa kibaya. Nilijua hasa mahali alipojifunza ishara ile, nami niliiokota sahani na kujaribu tena.

Alipolala mchana, binti akiwa karibu, nilitoka. Karatasi zilizokwisha kujazwa hazibadilishwi, daktari alinieleza, ila swali jipya lingeingia awamu ijayo. Sikuweza kungoja awamu ijayo. Nilirudi nyumba zote nilizoandika, nikaanza na ya bibi wa ng'ambo ya mfereji. Nikamwambia karatasi ilikosea, na mimi nilikosea zaidi kuliko karatasi. Hakunicheka. Alisimama, akachukua magadi yake kwenye uchaga, akanipa mkononi.

"Wapelekee ng'ombe wako," akasema. "Mimi nimeshakula ya kutosha."

Wengine walinitania. Kilabuni walisema mwinjilisti amestaafu injili ya mbinguni, sasa anahubiri injili ya magadi. Mama mmoja aliniuliza, kama tukiacha chumvi, tukaacha na magadi, tutabaki tunakula nini, maneno yako? Nilimjibu kwamba sijui, mama, lakini tafadhali. Sikuwa na hubiri. Nilikuwa na mke kitandani. Wengine waliacha. Wengi hawakuacha.

Namshukuru Mungu kwamba alinipa miezi kumi na mmoja naye baada ya siku ile ya kisu. Kiharusi cha pili hakikumbakizia hata lile neno. Tulimzika kihambani, karibu na migomba aliyokuwa anaipenda, na usharika ukaimba vizuri.

Awamu ya pili ya utafiti ilikuja wakati mibuni inachanua. Sikuwa mwandishi tena, niliomba nipumzishwe. Alikuja binti mdogo, amevaa sketi ya bluu, amekumbatia karatasi kifuani kama nilivyokuwa nikikumbatia mimi. Aliniamkia, nikamkaribisha sebuleni. Akauliza kama mhusika wa kaya hii yu hai. Nikasema hapana. Akatafuta kisanduku, akaweka alama, akaniambia pole babu, na kwa kweli alikuwa na huzuni. Akauliza sababu ya kifo kama nilivyoambiwa hospitalini. Nikamtajia.

Kisha nikamwomba jambo. Nikamwambia kwamba kwenye karatasi za mwanzo za nyumba hii, swali la saba, kuna jibu limeandikwa kwa mwandiko wangu, nalo si kweli. Nikamwomba aandike pembeni, hata kwa maneno machache, kwamba mama huyu hakudanganya.

Akaona haya. Akatazama karatasi yake juu na chini. "Babu, haturuhusiwi kuongeza neno," akasema.

Nikamwambia najua. Nikamwambia aendelee.

Swali la nane lilikuwa jipya. Alilisoma taratibu, kama lilivyoandikwa, bila kuongeza na bila kupunguza: je, nyumbani kwenu mnatumia magadi katika kupika?

Kile kipande kidogo kilikuwa bado kiko juu ya uchaga, kimeshika masizi. Sikuwahi kukitupa.

"Hapana," nikasema.

Akaandika. "Haya," akasema, akafunua ukurasa.